Nani Aruhusiwe Kusema: Magazeti na Upinzani Nairobi Wakati wa Hali ya Hatari

Vita vilivyopiganwa nchini Kenya kati ya 1952 na 1960 havikuitwa vita na serikali iliyovipigana. Kisheria vilikuwa Hali ya Hatari, yaani kipindi ambacho gavana hupewa uwezo wa kutunga kanuni pasipo kulingoja Baraza la Kutunga Sheria, kumweka mtu kizuizini bila kumfikisha mahakamani, na kuzuia chapisho lolote aonalo kuwa linahatarisha usalama. Ilhali serikali hiyohiyo iliingiza vikosi vya jeshi la Uingereza, ikadondosha mabomu kwa ndege za Lincoln juu ya misitu ya Nyandarua na Mlima Kenya, na ikawanyonga watu 1,090. Masimulizi mengi kuhusu magazeti ya kipindi hicho huacha picha kwamba kinywa cha nchi nzima kilizibwa usiku mmoja. Haikuwa hivyo. Kilichofanyika Nairobi kilikuwa kuchagua: wapo walionyamazishwa hadi wimbo wa dini ukawa kosa, na wapo walioachwa waibeze serikali magazetini na hata kuizomea mlangoni pake, na kilichowatenga hawa na wale hakikuwa ukali wa maneno yao, bali rangi ya msemaji na mtaa alimokuwa akilala.

Mji wenyewe ulikuwa umekwisha kugawanywa kwa kipimo hicho. Vilima vya magharibi, Kileleshwa na Kilimani vikiwamo, vilitengewa Wazungu, wengi wao maofisa wa serikali na wafanyabiashara waliokaa katika nyumba zenye viwanja vipana. Wahindi walikaa zaidi Ngara na Parklands. Waafrika walisongamana mashariki, Pumwani, Kariokor, Shauri Moyo na Kaloleni. Mwafrika aliyelala Kileleshwa kihalali alikuwa mtumishi wa nyumbani, naye alilala katika chumba cha uani, nyuma ya nyumba ya mwajiri wake. Magazeti nayo yalifuata ramani hiyo. Gazeti lililoletwa mlangoni asubuhi kwa ajili ya bwana lilikuwa East African Standard, ambalo, jambo linalosahauliwa upesi, lilianzishwa Mombasa mwaka 1902 na mfanyabiashara Mhindi, Alibhai Mulla Jeevanjee, kabla halijauzwa kwa Waingereza na kuhamia Nairobi likawa sauti ya walowezi, yaani wakulima na wafanyabiashara wa Kizungu waliokuja kukaa. Kampuni yake ndiyo iliyoanzisha Baraza mwaka 1939, gazeti la Kiswahili lililoenea mbali na lililochukua msimamo wa serikali katika mambo mazito. Gazeti la mtumishi wa uani lilikuwa jingine kabisa, na mara nyingi halikuwa lake peke yake, kwa kuwa nakala moja ilipita mikono mingi na kusomwa kwa sauti mbele ya wasiojua kusoma.

Mzizi wa magazeti ya namna hiyo ulikuwa Muigwithania, jina lenye maana ya mpatanishi, lililoanza kutoka kwa Kigikuyu mwaka 1928 chini ya chama cha Kikuyu Central Association, mhariri wake akiwa Jomo Kenyatta. Lilikuwa gazeti la tahadhari, lenye methali nyingi na mashambulizi machache. Hata hivyo Vita vya Pili vya Dunia vilipopamba moto, serikali ilikipiga marufuku chama hicho mnamo Mei 1940, pamoja na vyama vya Wakamba na vya Wataita, ikawakamata viongozi wao, na gazeti likafa pamoja na chama. Hapo ndipo palipowekwa mfano uliofuatwa miaka 12 baadaye: vita vikiwapo, hata vikiwa vinapiganwa Ulaya na Uhabeshi, swali la ardhi huko Kiambu huhesabiwa kuwa msaada kwa adui.

Baada ya vita hivyo askari walirudi, wengine kutoka Burma, wakakuta bei zimepanda na ardhi ni ileile, na magazeti ya Waafrika yakachipuka kwa wingi ambao serikali haikuutarajia. Hayo yasingewezekana bila wapiga chapa wa Kihindi. Mwafrika hakuwa na mtaji wa kununua mashine, hivyo alipeleka maandishi yake kwenye viwanda vidogo vya uchapaji katikati ya mji, na wenye viwanda hivyo, baadhi kwa biashara tu na baadhi kwa imani ya kisiasa, wakayachapa. Mashuhuri miongoni mwao alikuwa Girdhari Lal Vidyarthi, mwenye gazeti la Kiingereza la Colonial Times na la Kiswahili la Habari za Dunia, ambaye katika miaka ya 1940 alitiwa hatiani zaidi ya mara moja kwa uchochezi na kufungwa jela. Uchochezi, kwa mujibu wa kanuni ya adhabu, ulikuwa kusema au kuchapisha jambo kwa nia ya kuleta chuki au dharau dhidi ya serikali, au kuzua uhasama kati ya jamii moja na nyingine. Na kwa kuwa sheria ilimshika mwandishi, mhariri na mpiga chapa kwa pamoja, serikali haikulazimika kumshitaki kila mhariri. Ilitosha kumtia hofu mwenye mashine. Mtu mwenye kiwanda, mkopo na familia hupima hatari kwa hesabu nyingine kuliko kijana mwenye kalamu tu, na magazeti kadhaa yalikwama kabla hakimu hajatia neno.

Kati ya wahariri wa Kiafrika wa wakati huo, Henry Muoria ndiye anayestahili kutazamwa kwa karibu. Alizaliwa Kabete mwaka 1914, akaajiriwa na shirika la reli akiwa gadi wa treni, akajifunza uandishi wa habari kwa masomo ya posta, na mwaka 1945 akaacha kazi ya reli akaanzisha Mumenyereri, maana yake mlinzi au mtunzaji. Gazeti hilo la Kigikuyu lilikua upesi. Siri ya kukua kwake haikuwa matusi dhidi ya Wazungu, ambayo Muoria hakuyapenda. Alikuwa mtu wa hoja, mpenzi wa falsafa aliyewahimiza wasomaji wake wajitegemee, wasomeshe watoto na wapendane. Kenyatta aliporudi kutoka Uingereza mnamo Septemba 1946, Muoria alizichapa hotuba zake, akamtangaza kuwa kiongozi aliyengojewa, na chama cha Kenya African Union kikapata njia ya kuwafikia watu ambao gazeti la Baraza lingewafikishia ujumbe wa kinyume. Nguvu nyingine ya Mumenyereri ilikuwa katika kurasa za matangazo. Humo zilitangazwa sherehe za chai, na polisi waliamini kwamba baadhi ya sherehe hizo zilikuwa mikusanyiko ya kula kiapo cha umoja. Shaka hiyo ilitosha kulifanya gazeti zima lionekane kuwa chombo cha njama, hata pale tahariri yake iliposema kwa upole.

Kufikia 1950 serikali ilikuwa inapima jinsi ya kufunga mlango. Aprili mwaka huo, katika mkutano wa Kaloleni, Makhan Singh, mwana wa mpiga chapa na mwasisi wa vyama vya wafanyakazi, alidai uhuru wa Afrika Mashariki waziwazi. Mei alikamatwa, na hakuachiliwa hadi Oktoba 1961. Sheria za uchochezi na za kusajili mitambo ya uchapaji zikakazwa. Waandishi wakatafuta upenyo. Kinuthia wa Mugia na wenzake walitunga nyimbo za siasa kwa mahadhi ya nyimbo za kanisani, zikachapwa katika vijitabu vya bei nafuu, na mwajiri wa magharibi aliyemsikia mpishi wake akiimba jikoni alidhani anasikia sifa za Mungu. Gakaara wa Wanjau, mwandishi na mchapishaji aliyekuwa na umri wa miaka 31, alitoa mwaka 1952 kanuni ya imani ya Gikuyu na Mumbi, iliyoiga muundo wa kanuni ya imani ya Wakristo na kuweka ardhi na viongozi wa watu pale penye majina matakatifu. Mamlaka zilipopata tafsiri ya maandishi hayo zilishituka kwa sababu mbili: yalikuwa uchochezi, na yalikuwa yamesomwa kwa muda mrefu chini ya pua zao.

Gavana Evelyn Baring alitia saini tangazo la Hali ya Hatari tarehe 20 Oktoba 1952, na usiku huo, katika msako ulioitwa Operesheni Jock Scott, polisi waliwakamata viongozi zaidi ya 100, Gakaara akiwa miongoni mwao. Magazeti ya Kigikuyu yalipigwa marufuku, Mumenyereri likiwamo. Muoria mwenyewe alikuwa amesafiri kwenda London muda mfupi kabla, na safari hiyo ikageuka uhamisho wa maisha: mhariri aliyekuwa na wasomaji maelfu aliajiriwa gadi katika treni za chini ya ardhi za London, kazi ileile aliyoiacha Nairobi, na alifariki katika jiji hilo mwaka 1997.

Miongoni mwa watu sita waliochaguliwa kushitakiwa Kapenguria kwa kuongoza Mau Mau, harakati ya viapo na ya wapiganaji wa msituni ambayo serikali ilikuwa inapigana nayo, angalau wanne walikuwa wamewahi kuhariri magazeti: Kenyatta, Achieng' Oneko wa Ramogi, Bildad Kaggia, na Paul Ngei, aliyewaandikia Wakamba. Mahali pa kesi palichaguliwa kwa uangalifu. Kapenguria ilikuwa eneo lililofungwa, mtu hakuingia bila kibali. Hapakuwa na hoteli, na mawakili na waandishi wa habari walilazimika kulala Kitale, kilomita 40 hivi, na kusafiri kila siku kwa barabara ya vumbi. Wakili D. N. Pritt alipowapelekea wabunge wa London simu ya maandishi akilalamika kwamba hali hiyo ni sawa na kunyimwa haki, alishitakiwa kwa kuidharau mahakama, ingawa aliachiliwa. Serikali isingeweza kuendesha kesi hiyo kwa siri, kwa kuwa dunia ilikuwa inatazama, basi ikaiendesha mahali ambapo kutazama kuligharimu. Aprili 1953 hakimu Ransley Thacker aliwahukumu wote sita kifungo cha miaka 7. Oneko alishinda rufani, lakini akapelekwa kizuizini moja kwa moja, akakaa huko hadi 1961.

Tukio la Januari 1953 linaonyesha upande wa pili wa mizani. Usiku wa tarehe 24 familia ya Ruck, mume, mke na mtoto wao wa miaka 6, iliuawa katika shamba lao Kinangop. Siku mbili baadaye walowezi wapatao 1,500 walijipanga Nairobi na kupanda hadi makao ya gavana, jengo ambalo leo ni Ikulu, kwenye kilima kinachopakana na Kileleshwa upande wa mashariki. Walitaka adhabu za papo kwa papo na madaraka zaidi ya walowezi katika uendeshaji wa vita. Askari wa Kiafrika waliposhikana mikono kuwazuia, waandamanaji waliwasukuma, na kwa masimulizi ya Michael Blundell, kiongozi wao katika Baraza la Kutunga Sheria, baadhi walizima sigara zao juu ya mikono ya askari hao, ambao walivumilia bila kujibu. Gavana hakutoka. Blundell ndiye aliyewatuliza na kuwashawishi warudi makwao. Maandamano hayo yalifanyika nchi ikiwa chini ya kanuni zilizomtaka Mwafrika awe na kibali ili akutane na wenzake. Ni vigumu kupata mfano bora zaidi wa chuki na dharau dhidi ya serikali, kwa maneno yaleyale ya sheria ya uchochezi, lakini waliohusika hawakuonja kizuizini. Magazeti ya walowezi, likiwamo Kenya Weekly News la Nakuru, yaliendelea kumshutumu Baring kwa ulegevu. Upinzani uliruhusiwa, ila ule tu ulioisukuma serikali iwe kali zaidi.

Juni 1953 Kenya African Union kilipigwa marufuku. Alfajiri ya tarehe 24 Aprili 1954 Jenerali George Erskine aliuzingira mji wa Nairobi kwa askari na polisi wapatao 25,000, katika Operesheni Anvil, na kwa majuma kadhaa Wagikuyu, Waembu na Wameru walisombwa kutoka makazini na vyumbani, wakapitishwa mbele ya majasusi waliofunikwa magunia yenye matundu ya macho, na waliotiliwa shaka, zaidi ya 20,000, wakapelekwa kambi za Langata, Mackinnon Road na Manyani. Vyumba vya uani vya mitaa ya magharibi navyo vilipekuliwa. Miezi miwili baadaye zamu ilimfikia Pio Gama Pinto, mzaliwa wa Nairobi wa asili ya Goa aliyewahi kuhariri Daily Chronicle, na ambaye kutoka ofisi za Wahindi wazalendo katika Desai Memorial Hall aliwatafutia wapiganaji mawakili, fedha na, inavyokubaliwa leo, silaha. Alipelekwa Kisiwa cha Manda karibu na Lamu, ambako Gakaara aliandika kwa siri shajara iliyochapishwa mwaka 1983 na kutunukiwa Tuzo ya Noma mwaka uliofuata.

Serikali iliamini kwamba gazeti likifungwa, habari nazo hufungwa. Badala yake ilijinyima namna ya kujua watu wanafikiri nini, maana Mumenyereri lilikuwa likiisomea mawazo hayo kila juma. Watu wa Pumwani walibaki na uvumi, ambao hauna mhariri wa kusahihisha, na taarifa rasmi wakazifasiri kwa kuzigeuza. Habari nzito zaidi zikaanza kupita njia ndefu kwenda London na kurudi. Mwaka 1955 mbunge Barbara Castle alikuja kwa gharama ya Daily Mirror kuchunguza kifo cha Kamau Kichina, aliyepigwa hadi kufa mikononi mwa polisi. Mwaka 1956 Eileen Fletcher, aliyekuwa ofisa wa urekebishaji katika kambi za Kenya, aliandika katika Peace News kuhusu wasichana wadogo waliohukumiwa kifungo cha maisha Kamiti. J. M. Kariuki, mmoja wa waliowekwa kizuizini, alitorosha barua kutoka kambini akijua kwamba zikikamatwa atapigwa, na alipigwa. Juni 1958 The Observer la London lilichapa barua ya wafungwa wa Lokitaung, gereza la kaskazini walikofungiwa Kenyatta na wenzake, kuhusu hali yao, na mwezi huo Oginga Odinga akasimama katika Baraza la Kutunga Sheria akasema kwamba Kenyatta na wenzake wangali viongozi wa watu. Kelele zilizomzukia, kutoka kwa Waafrika wenzake barazani pia, zinaonyesha jinsi jina lile lilivyokuwa limefutwa katika maandishi halali ya Kenya kwa zaidi ya miaka mitano.

Njia hiyo ya London ndiyo iliyoivunja hadithi ya Hola. Tarehe 3 Machi 1959 wafungwa 11 wa kambi hiyo iliyo kando ya Mto Tana walikufa, na taarifa ya serikali, iliyosambazwa kwa magazeti, ikaeleza kwamba vifo vilitokea baada ya watu hao kunywa maji kutoka gari la maji. Uchunguzi wa vifo ulithibitisha kwamba walipigwa. Mwezi uleule wa Machi, polisi wa Nairobi waliuvamia uongozi wa People's Convention Party, chama cha Tom Mboya, na kulipiga marufuku jarida lake, Uhuru. Kwa hiyo wakati ambapo wabunge wa London, akiwamo Mhafidhina Enoch Powell katika mjadala wa Julai, waliichambua Hola kwa ukali usio na staha, chama cha Waafrika katika mji uliokuwa karibu zaidi na maiti hizo hakikuwa na gazeti. Hali ya Hatari iliondolewa Januari 1960. Oktoba mwaka huo Daily Nation likaanza kutoka, kwa fedha za Aga Khan, likiwa na wasomaji Waafrika akilini.

Kanuni hazikuondoka na bendera ya Uingereza. Baada ya uhuru Kileleshwa iliendelea kuwa makao ya maofisa wa serikali, safari hii Waafrika, na barabara zake huitwa Othaya, Kandara, Githunguri, Mandera: majina ya medani za vita viwili tofauti. Vita vya pili vilianza kabla vya kwanza havijasahaulika. Desemba 1963, majuma machache tu baada ya uhuru, serikali ya Kenyatta ilitangaza hali ya hatari Kaskazini Mashariki dhidi ya Wasomali waliotaka kujiunga na Somalia, ikalifunga eneo hilo, na nchi nzima ikajifunza kuwaita wapiganaji hao mashifta, yaani majambazi, kwa kuwa hapakuwa na mwandishi huru wa kuleta jina jingine. Pinto, aliyekuwa ameandaa magazeti ya chama tawala kupitia Pan African Press na kuanza kukipinga kikundi chenye nguvu ndani yake, aliuawa kwa risasi mbele ya nyumba yake Westlands, ng'ambo kidogo tu ya Kileleshwa, tarehe 24 Februari 1965. Mkataba wa Arusha wa 1967 ulimaliza mapigano ya kaskazini, lakini sheria za eneo hilo ziliendelea hadi 1991, na chini ya kivuli chake mauaji ya Wagalla, Wajir, ya Februari 1984 yalifichwa: serikali ilikiri vifo 57, manusura wakihesabu mamia na maelfu. Kosa la uchochezi lilifutwa katika kanuni ya adhabu mwaka 1997.

Mwishoni mwa 2014, baada ya Al-Shabaab kuwaua abiria 28 wa basi na kisha wachimba mawe 36 huko Mandera, Bunge lilipitisha kwa vurugu marekebisho ya sheria za usalama, na tarehe 19 Desemba yakatiwa saini na Rais Uhuru Kenyatta, mwana wa mhariri wa Muigwithania. Kifungu cha 12 kilimtisha kwa faini ya hadi shilingi milioni 5, au kifungo cha miaka 3, yeyote atakayechapisha au kutangaza jambo linaloweza kuleta hofu kwa umma. Upinzani, Tume ya Haki za Binadamu na wengine walikwenda Mahakama Kuu, ambako majaji watano walisema, tarehe 23 Februari 2015, kwamba kifungu hicho na vingine saba vinakiuka Katiba ya 2010. Vilivyosalia viliendelea kuwa sheria.